Daftari la Shule ni la Nani? Uchaguzi wa Bodi ya Shule ya London, 1870–1904, na Fundisho Lake

UTANGULIZI

Hakuna ahadi inayopendwa na wagombea uongozi kama ahadi ya kulinda fedha za umma. Anayeomba ubunge huitoa, na anayeomba ujumbe wa kamati ya shule ya kijiji huitoa vilevile: atabana matumizi, atasimamia hesabu, atawajibika. Ahadi hiyo ni njema, na Chama hakiwezi kuipinga, maana wizi wa mali ya umma ni unyonyaji kama unyonyaji mwingine wowote. Lakini kada haishii kwenye neno. Hutazama tabaka lililosimama nyuma ya neno hilo na kuuliza maswali matatu: Fedha hizi zinatoka kwa nani? Zinatumika kwa manufaa ya nani? Na hesabu yake inasomwa mbele ya nani?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema kweli. Hata hivyo wahenga hawakutuambia daftari hilo ashike nani. Makala haya yanajaribu kujibu swali hilo kwa kuchunguza historia ya chombo kimoja, yaani Bodi ya Shule ya London, ambayo wajumbe wake walichaguliwa kwa kura tangu mwaka 1870 mpaka ilipovunjwa mwaka 1904. Tumechagua London kwa sababu mbili. Kwanza, pale mapambano juu ya fedha za shule yalifanyika waziwazi, katika nchi ya kibepari iliyokuwa mbele kuliko zote, na kila tabaka likaonyesha rangi yake. Pili, dola iliyoivunja Bodi hiyo ndiyo hiyohiyo iliyokuja kuitawala Tanganyika, na mawazo yake kuhusu hesabu na uwajibikaji yaliletwa hapa pamoja na bendera yake.

CHIMBUKO LA BODI

Mpaka katikati ya karne ya 19, elimu ya watoto wa makabwela wa Uingereza iliachwa mikononi mwa makanisa na wafadhili. Serikali ilitoa ruzuku tu, na mwaka 1862, chini ya Robert Lowe, ruzuku hiyo ilifungwa kwenye mtihani: mkaguzi alipita shuleni, akawasikiliza watoto wakisoma, akatazama mwandiko wao na hesabu zao, na kila aliyeshindwa akaipunguzia shule fedha. Utaratibu huo uliitwa malipo kwa matokeo. Mwalimu akageuzwa kuwa mfanyakazi wa kibarua anayelipwa kwa idadi ya vipande, na mtoto akawa kipande chenyewe.

Kufikia mwaka 1870 ubepari wa Kiingereza ulikuwa umeona kwamba hali hiyo haitoshi. Viwanda vya Ujerumani na Marekani vilikuwa vinainukia na kutisha. Isitoshe, sheria ya mwaka 1867 ilikuwa imewapa kura wafanyakazi wengi wa mijini, na mabwanyenye waliogopa kutawaliwa na wapiga kura ambao hawakupita katika shule zao. Ndipo Bunge lilipopitisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1870, iliyosimamiwa na Waziri William Edward Forster. Mahali palipokuwa na upungufu wa shule, wananchi walitakiwa kuchagua Bodi ya Shule kila baada ya miaka mitatu. Bodi ilipewa madaraka ya kujenga shule, kuajiri walimu, kudai ada ya peni chache kwa wiki kutoka kwa wazazi, na, jambo kubwa kuliko yote, kudai sehemu ya kodi ya majengo ya eneo lake.

Kwa hiyo ilizaliwa ngazi ya uongozi yenye kazi moja tu, elimu, na yenye mfuko wake. Uchaguzi wa kwanza wa London ulifanyika Novemba 1870 kupata wajumbe 49. Wanawake waliolipa kodi ya majengo waliruhusiwa kupiga kura, na wanawake waliruhusiwa kugombea, wakati Bunge lenyewe lilikuwa limewafungia mlango. Elizabeth Garrett, daktari, aliongoza kwa kura zaidi ya 47,000 katika eneo la Marylebone, na Emily Davies akachaguliwa Greenwich. Kila mpiga kura alikuwa na kura nyingi sawa na idadi ya viti vya eneo lake, naye aliweza kuzigawa au kumlimbikizia mgombea mmoja zote. Utaratibu huo uliwekwa ili madhehebu madogo yasimezwe, lakini ulifungua pia ufa ambao mtu wa tabaka la chini aliweza kupenya.

Aliyepenya mwaka ule wa kwanza alikuwa fundi wa samani, Benjamin Lucraft, aliyechaguliwa Finsbury. Lucraft alikuwa mjumbe wa Baraza Kuu la Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi, aliyokuwamo Karl Marx. Kwenye Bodi alikaa karibu miaka 20. Humo alipigania elimu ya bure, akadai kwamba mali za wakfu zilizoachwa zamani kwa ajili ya kusomesha watoto wa maskini zirudishwe kwenye kazi hiyo. Huo ndio ulikuwa uwajibikaji wa fedha kwa macho ya mfanyakazi: kabla hujamwambia maskini akaze mkanda, mwambie kwanza ilikokwenda mali yake.

Lakini tuone na upande wa pili. Mwenyekiti wa kwanza wa Bodi alikuwa Lord Lawrence, mtu aliyeitawala Punjab wakati wa maasi ya Wahindi ya mwaka 1857, kisha akawa Gavana Mkuu wa India kuanzia mwaka 1864 mpaka 1869. Aliyetoka kutawala koloni alikabidhiwa watoto wa makabwela wa London. Mabwanyenye hawakuona tofauti kubwa kati ya kazi hizo mbili.

MPIGA KURA NA MLIPA KODI

Ili kuelewa chaguzi zilizofuata, hapana budi tuelewe ile kodi. Kodi ya majengo ilikadiriwa kwa thamani ya pango ya nyumba kwa mwaka, yaani peni kadhaa kwa kila pauni moja ya thamani hiyo. Pauni moja ilikuwa na shilingi 20, na shilingi moja ilikuwa na peni 12. Forster alipotetea muswada wake alitazamia kwamba mzigo wa shule hautazidi peni 3 kwa kila pauni. Katika London mzigo huo ulivuka kiwango hicho zaidi ya maradufu, kwa sababu watoto wasiokuwa na shule walikuwa wengi kuliko ilivyodhaniwa, na kwa sababu Bodi ilijenga majengo imara yenye madirisha makubwa yaliyochorwa na msanifu E. R. Robson.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mfanyakazi anaishi katika nyumba yenye thamani ya pauni 20 kwa mwaka. Mfanyabiashara ana ghala lenye thamani ya pauni 2,000. Mgombea anaahidi kupunguza kodi ya shule kwa peni 1 katika kila pauni. Mfanyakazi ataokoa peni 20 kwa mwaka, yaani shilingi 1 na peni 8. Mfanyabiashara ataokoa peni 2,000, yaani zaidi ya pauni 8. Sasa tuseme mfanyakazi huyo ana watoto watatu shuleni, na kila mmoja analipa ada ya peni 2 kwa wiki kwa wiki 40. Atalipa peni 240, yaani pauni nzima. Ni dhahiri kwamba ikiwa kodi imepungua kwa sababu Bodi imeendelea kutoza ada badala ya kuifuta, mfanyakazi amepewa senti kwa mkono wa kulia na kunyang'anywa noti kwa mkono wa kushoto. Mwenye ghala hakupoteza kitu. Watoto wake hawasomi katika shule za Bodi.

Hiyo ndiyo siri ya neno walipa kodi. Neno hilo huwaweka katika kundi moja mwenye ghala na mwenye chumba, kana kwamba maslahi yao ni mamoja. Tena makabwela wengi wa London walipanga chumba kimoja katika nyumba ya mtu mwingine. Kodi waliilipa ndani ya pango waliyompa mwenye nyumba, lakini majina yao hayakuwa kwenye daftari la kodi, na kwa hiyo hawakuwa na kura. Wajumbe wenyewe hawakulipwa, na vikao vilifanyika mchana wakati mfanyakazi yuko kazini. Mlango uliandikwa umma. Ufunguo walikuwa nao wenye nafasi.

Wakati Bodi ilikuwa inaanza kazi, huko Paris wafanyakazi walianzisha Komuni yao, Machi 1871. Wajumbe wa Komuni walichaguliwa na umma, waliweza kuondolewa na waliowachagua, na malipo ya watumishi wake yaliwekewa kikomo ili uongozi usiwe njia ya kujitajirisha. Komuni ilizamishwa katika damu mwezi Mei mwaka huohuo. Marx alipoandika tamko la Jumuiya la kuitetea, Lucraft alijiondoa katika Baraza Kuu. Alikuwa mtetezi hodari wa watoto wa makabwela, lakini hakuwa tayari kwenda umbali huo. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha aina mbili za uwajibikaji zilizosimama uso kwa uso mwaka mmoja: ule wa Paris, ambapo mjumbe alikuwa chini ya macho ya umma kila siku, na ule wa London, ambapo alikumbuka umma kila baada ya miaka mitatu.

KUBANA MATUMIZI KAMA SILAHA YA TABAKA

Katika uchaguzi wa mwaka 1885 kundi lililojinadi kwa kubana matumizi lilipata ushindi, na Kasisi Joseph Diggle akawa mwenyekiti hadi mwaka 1894. Kundi hilo lilijiita la watu wenye kiasi. Lilikuwa ni muungano wa wenye majengo waliochoshwa na kodi na viongozi wa Kanisa la Uingereza ambao hawakutaka shule za Bodi zizizidi nguvu shule za kanisa. Kila shule bora ya Bodi ilikuwa aibu kwa shule mbovu ya kanisa iliyo jirani. Kwa hiyo kwao kubana matumizi kulikuwa na maana mbili: kupunguza kodi, na kuzuia elimu ya umma isikue.

Haifai tuseme kwamba kila walichosema kilikuwa uongo. Chombo kikubwa kinachojenga shule mamia, kinachonunua vitabu na makaa ya mawe na madawati, lazima kiwe na mianya ya ubadhirifu, na kukosoa ubadhirifu ni haki. Lakini tazameni walichokiita anasa. Waliita anasa madirisha makubwa. Waliita anasa kununua piano za kufundishia watoto nyimbo. Hawakuita anasa pango walizotoza wenye nyumba kwa vyumba vyenye unyevu ambamo watoto hao walilala. Bepari akitumia fedha kwa watoto wake huita malezi; umma ukitumia kwa watoto wake huita ufujaji.

Na walipoona kwamba neno la kodi peke yake halitoshi kuvuta kura, waliongeza dini. Mwaka 1894 Bodi ilipeleka waraka kwa walimu kuwaelekeza namna ya kufundisha imani ya Kikristo kwa mkazo uliopendwa na upande mmoja wa kanisa. Maelfu ya walimu waliomba waachiliwe wasifundishe somo hilo. Uchaguzi wa mwaka ule ukageuka kuwa ugomvi wa madhehebu, na mfanyakazi wa dhehebu hili akampigia kura bwanyenye wa dhehebu lake dhidi ya mfanyakazi mwenzake. Gawanya uwatawale haikubuniwa kwa ajili ya makoloni peke yake.

UCHAGUZI WA MWAKA 1888

Mwezi Julai 1888 wanawake na wasichana wapatao 1,400 wa kiwanda cha viberiti cha Bryant & May, mashariki mwa London, waligoma kupinga ujira duni, faini na mateso ya kiwandani. Aliyekuwa ameandika kufichua unyonyaji ule alikuwa Annie Besant, mwanamke msoshalisti. Mgomo ulishinda. Miezi michache baadaye Besant aligombea Bodi ya Shule katika eneo la Tower Hamlets, mtaa wa bandari, viwanda na njaa, akaongoza kwa kura zaidi ya 15,000. Huko Hackney akachaguliwa Kasisi Stewart Headlam, msoshalisti pia.

Besant hakuyakimbia maswali ya fedha. Aliyachukua maswali hayo mikononi mwa wapinzani wake na kuyageuza upande wa pili. Walimuuliza: shule inagharimu kiasi gani? Yeye akauliza: kontrakta anayeshinda zabuni kwa bei ya chini kabisa anapata wapi faida yake? Jibu lilikuwa dhahiri. Anaipata kwa kukata ujira wa seremala, mwashi na mpiga chapa. Mfanyakazi huyo akishindwa kulisha watoto, watoto wanakwenda shuleni na njaa, na kazi ya mwalimu inapotea bure. Basi ile akiba iliyopatikana kwenye zabuni imelipwa na tumbo la mtoto, ila haikuandikwa kwenye daftari.

Mwaka 1889 Bodi, kwa msukumo wa wajumbe wasoshalisti na wa vyama vya wafanyakazi, ilikubali kwamba kazi zake zipewe makontrakta wanaolipa ujira unaokubalika katika fani zao. Miaka miwili baadaye, Februari 1891, Bunge la Uingereza lenyewe likapitisha azimio la ujira wa haki katika mikataba ya serikali. Mwaka 1889 pia Bodi ilipokea taarifa kwamba zaidi ya watoto 40,000 katika shule zake walikuwa wakishinda na njaa mara kwa mara. Besant alitaka chakula kitolewe kwa fedha ya umma. Kundi la kubana matumizi halikukubali, na kazi hiyo ikaachwa kwa wafadhili. Ada ya shule, iliyopingwa na Lucraft kwa miaka mingi, iliondolewa katika shule nyingi nchini kwa sheria ya mwaka 1891.

Besant mwenyewe hakugombea tena. Fikra zake zilihamia kwenye imani nyingine, akaenda India mwaka 1893, na mwaka 1917 akawa rais wa Indian National Congress. Hapa tunaona udhaifu wa harakati inayomtegemea mtu mmoja hodari. Tulinganishe na mji wa Bradford, ambako Chama Huru cha Wafanyakazi kilianzishwa mwaka 1893. Mwaka 1894 Margaret McMillan aliingia katika Bodi ya Shule ya Bradford akiwa na chama nyuma yake. Mwaka 1897 shule moja ya mji huo ilifungua bafu la kuogea watoto. Madai ya chakula na afya ya watoto yaliendelea miaka yote, yakachukuliwa hadi Bungeni na mtu wa Bradford, Fred Jowett, na mwaka 1906 sheria ikaziruhusu serikali za mitaa kutumia kodi kuwalisha watoto wa shule. Mtu huja na kuondoka. Tawi la chama likiwa hai, dai hubaki.

MKAGUZI NA KIFO CHA BODI

Mwaka 1897 kundi la wapenda maendeleo lilishinda tena London. Bodi ilikuwa imekwisha vuka mipaka ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Ilikuwa na madarasa ya juu ya sayansi na sanaa, na madarasa ya jioni ambayo watu wazima walihudhuria baada ya kazi. Mtoto wa kabwela akaanza kugusa elimu ya sekondari, ambayo mabwanyenye waliihesabu kuwa mali yao.

Hapo ndipo silaha ya hesabu ilipotumika kwa ukali wake wote. Mwaka 1899 mkaguzi wa hesabu wa serikali kuu, T. B. Cockerton, alikataa matumizi ya Bodi kwa madarasa hayo. Hoja yake haikuwa kwamba kuna mtu ameiba. Kila senti ilikuwa na stakabadhi yake. Hoja ilikuwa kwamba sheria ya 1870 iliruhusu kodi itumike kwa elimu ya msingi peke yake, na kwa hiyo fedha iliyomfundisha kijana kemia, au iliyomfundisha mtu mzima jioni, imetumika kinyume cha sheria, na wajumbe walioiidhinisha wanapaswa kuilipa wenyewe. Mahakama iliunga mkono uamuzi huo Desemba 1900, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha mwaka 1901.

Kisha likafuata pigo la mwisho. Serikali ya kihafidhina ya Arthur Balfour, kwa msaada wa mtumishi mkuu Robert Morant, ilipitisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1902. Bodi za shule zaidi ya 2,500 zilifutwa kote Uingereza na Wales, na kazi zao zikahamishiwa kwenye halmashauri. Shule za kanisa zikaanza kulipiwa kwa kodi ya umma. Sheria ya mwaka 1903 ikaifikia London, na mwaka 1904 Bodi ikafa. Wanawake, waliochaguliwa tangu mwaka 1870, sasa hawakuweza tena kuchaguliwa katika chombo kinachosimamia shule. Walibakia kuteuliwa katika kamati mpaka sheria ya mwaka 1907 ilipowafungulia halmashauri. Vyama vya wafanyakazi vilipinga mabadiliko hayo. Lakini Sidney Webb na wenzake wa Jumuiya ya Fabian, waliojiita wasoshalisti, waliyaunga mkono kwa kuamini kwamba wataalamu wangeendesha elimu kwa nidhamu kuliko bodi zilizojaa malumbano.

Kwa haki tuseme kwamba halmashauri zilijenga shule za sekondari nyingi baada ya hapo, na mgawanyo wa zamani ulikuwa na kasoro zake. Lakini angalieni njia iliyotumika. Bodi haikuvunjwa kwa sababu ilishindwa kutoa hesabu. Ilivunjwa kwa sababu ilitoa hesabu kwa watu ambao watawala hawakuwataka. Chombo kilichokuwa na dosari, lakini ambacho mama mfua nguo wa Tower Hamlets mwenye jina kwenye daftari la kodi aliweza kukichagua na kukiondoa, kiliuawa kwa kalamu ya mkaguzi ambaye hakuchaguliwa na mtu.

KUTOKA LONDON HADI TANGANYIKA

Tangu hapo tunaweza kutenganisha uwajibikaji wa aina mbili. Upo unaopanda, ambapo hesabu inapelekwa juu kwa mwenye dola, naye akiridhika basi shauri limekwisha. Na upo unaoshuka, ambapo hesabu inasomwa mbele ya wale ambao watoto wao wanakaa kwenye madawati.

Mkoloni alituletea ule wa kwanza peke yake. Chini ya utawala wa Waingereza kwa kupitia machifu, uliowekewa sheria mwaka 1926 wakati wa Gavana Donald Cameron, zilianzishwa hazina za wenyeji. Wananchi walilipa kodi, sehemu yake ikaingia katika hazina hizo, na kutoka humo zikalipwa baadhi ya gharama za shule. Daftari lilikuwepo, tena lenye mistari iliyonyooka. Lakini lilikaguliwa na Bwana Shauri, wala si na mlipa kodi. Mwananchi alijua siku ya kulipa. Siku ya kuelezwa hakuijua.

Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, vyote vya mwaka 1967, vililenga kuigeuza hali hiyo, na Mwongozo wa mwaka 1971 ukamtaka kiongozi awe mtumishi wa umma katika vitendo. Hata hivyo historia yetu yenyewe ina kona ambayo kada hana budi kuisoma bila woga. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa kwa nia ya kupeleka madaraka mikoani, na maafisa wakashika kazi zilizokuwa za madiwani. Ziliundwa upya kwa sheria za mwaka 1982, zikaanza kazi mwaka 1984, na mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alisema waziwazi kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Aliyeandika kijitabu cha Tujisahihishe mwaka 1962 hakuogopa kukitekeleza. Nia ya 1972 haikuwa nia ya Balfour, lakini fundisho linafanana: mtaalamu akiondolewa macho ya umma, hata akiwa mwema, hesabu huanza kupanda tu.

Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 iliipa kila shule ya msingi kamati yake. Jambo hili lilipata uzito mpya mwaka 2002, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza baada ya ada kufutwa mwaka 2001. Wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka kama milioni 4.4 mwaka 2000 hadi kama milioni 7.5 mwaka 2005. Shule zilifunguliwa akaunti, kamati zenye wajumbe waliochaguliwa na wazazi zikapewa usimamizi wa fedha, na ruzuku ikapangwa kuwa dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Tafiti za kufuatilia fedha zilionyesha kwamba zilizofika shuleni zilikuwa pungufu ya kiwango hicho. Ni nani angeligundua pengo hilo mapema kuliko wote? Mzazi wa kijijini, kama angelijua kiwango kilichopangwa na kama angelisomewa kilichopokelewa. Tangu mwaka 2016, elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa, swali ni lilelile. Kwamba mzazi hatoi ada hakumwondolei haki ya kuhoji, kwa maana fedha hiyo ni kodi anayoilipa kila anunuapo sukari na sabuni.

FUNDISHO KWA KADA

Kwanza, mgombea wa kamati ya shule akiahidi kubana matumizi, aulizwe atabana nini. Akipunguza posho za vikao na safari zisizo na kazi, apongezwe. Akipunguza chaki, uji wa watoto na ujira wa fundi aliyejenga darasa, huyo anaokoa fedha kwa kumnyonya mnyonge, kama walivyofanya makontrakta wa London.

Pili, bei ndogo na gharama ndogo ni mambo mawili. Darasa lililojengwa kwa saruji pungufu likabomoka masika ya pili lilikuwa ghali tangu siku ya kwanza. Kada afundishe wananchi kusoma gharama nzima, ikiwemo ile isiyoandikwa.

Tatu, ukaguzi kutoka juu ni wa lazima, lakini hautoshi. Stakabadhi zinaweza kukamilika na watoto wakakaa chini. Hesabu ya shule isomwe katika mkutano wa wazazi, kwa Kiswahili chepesi, ikianza na kilichopangwa, kilichopokelewa, kilichotumika na kilichobaki, kisha ibandikwe mahali ambapo hata mpita njia ataiona. Wasiojua kusoma wasomewe, nao waulize mpaka waridhike.

Nne, saa na mahali pa mkutano ni suala la kitabaka. Mkutano ukiitishwa wakati wa palizi au saa ambazo akina mama wako mtoni na sokoni, watakuja wenye nafasi tu, na wenye nafasi ndio watakaochaguliwa. Ndivyo London ilivyomfungia mfanyakazi mlango bila kutunga sheria ya kumkataza.

Tano, tawi la Chama lisingoje mtu hodari. Besant alikuwa mmoja, akaondoka baada ya miaka mitatu. Bradford ilikuwa na chama, na madai yake yakadumu mpaka yakawa sheria. Kazi ya tawi si kumteulia mzazi mjumbe wake, wala kumficha mjumbe mbadhirifu kwa kuwa ana kadi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mzazi anajua haki yake, anaitumia, na analindwa anapoitumia, hata pale anayehojiwa ni mwanachama mwenzetu.

Mabwanyenye wa London walikuwa na madaftari safi, na watoto zaidi ya 40,000 walikaa darasani na njaa. Usafi wa daftari haupimwi kwa unadhifu wa mistari yake. Unapimwa pale mzazi maskini kuliko wote anaposimama mkutanoni, akanyoosha kidole kwenye tarakimu moja na kuuliza, na mwenyekiti akalazimika kumjibu.